Ndoo Kavu ya Mzee Maulidi

Mimi naitwa Zuhura, napika uji wa watoto shuleni, na ukuta wangu wa uani ndio huohuo ukuta wa uani wa Mzee Maulidi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza haya nimeyajuaje. Ukuta wenyewe ni mfupi, na masikio yangu bado ni mazima.

Kwa kazi Mzee Maulidi alikuwa fundi chokaa. Zile nyumba za zamani za Bagamoyo mjini, zenye kuta nene za mawe, hazitaki saruji. Ukizipiga saruji zinapasuka, zinataka chokaa, na chokaa ilimtaka Maulidi. Aliikoroga kwa mikono mitupu tangu ujana wake mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe na laini, hazina hata michirizi. Alikuwa akishika kikombe cha chai ya moto kama anashika cha maji.

Lakini chokaa ilikuwa riziki tu. Fahari yake ilikuwa adhana. Msikiti wetu ni mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa mwadhini tangu binti yangu wa kwanza hajaolewa, na sasa nina wajukuu. Ukimsifia ukuta alisema alhamdulillahi akapita zake. Ukimsifia adhana alisimama, akaweka ndoo chini, akakusikiliza mpaka umalize.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wahida, na Wahida alizaliwa haoni. Hapa sitamtetea jirani yangu. Alimwonea haya mtoto yule. Wageni wakipiga hodi, alimwambia mkewe, marehemu Adija, ampeleke mtoto uani kwanza. Mara ngapi nimemwona Wahida mdogo amekaa peke yake pembeni ya ndoo za maji, anasikiliza watu wanacheka ndani kwao! Nilimpa kitumbua, na yeye akanishukuru kwa jina kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa alikuwa akinijua kwa mwendo. Alipofika umri wa shule alipelekwa bweni, mbali huko bara, na baba yake akapumua.

Basi Wahida akasoma, akawa mwalimu, na serikali ikamleta hapahapa Bagamoyo, katika shule yenye darasa la watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Jiko langu la uji liko mbele ya dirisha la darasa hilo. Akarudi kukaa kwa baba yake, maana mama alishafariki na mzee hakuwa na wa kumpikia. Wakitoka pamoja, mzee alitangulia mbele, hatua kadhaa, kama wamekutana njiani kwa bahati. Wahida alifuata na fimbo yake nyeupe, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nikiwatazama nikichemka, na nilinyamaza pia, kwa sababu ujirani una mipaka yake.

Kisha macho ya mzee nayo yakaanza kuondoka.

Hakumwambia mtu. Kwetu huku salamu ina mambo, lazima umwone mtu ndipo ujue utamwamkiaje, yupi wa shikamoo na yupi wa kukupa wewe shikamoo. Siku moja alimpa shikamoo kijana wa bajaji, na kijana, kwa adabu zake mbovu, akaitikia marahaba. Watu walicheka, naye akacheka, akasema alikuwa anatania. Tangu siku hiyo akaacha kabisa kuamkia. Kila aliyepita alipigiwa "Assalaam alaykum" kwa sauti kubwa, mkubwa kwa mdogo, maana salamu hiyo haibagui. Sisi tukasema mzee amezidi uchamungu.

Na saa ya msikiti? Ile ilikuwa saa ya ukutani, duara, uso mweupe, mishale myeusi, aliitundika mwenyewe. Alikuwa akiwaita watoto wa chuo, wanaosoma Kurani barazani, anawaambia: "Hebu nisomee ile saa, nione kama huko shule mnafundishwa." Mtoto anasoma kwa majivuno, mzee anasema vizuri, kisha anapanda kuadhini. Nani angemshuku? Tulimsifu kwa kuwapenda watoto.

Sasa ile siku. Ramadhani ya mwaka juzi iliangukia katika masika, na siku hiyo mvua ilianza baada ya swala ya alasiri, mvua ya radi, mbingu nyeusi mpaka kuku wakaingia bandani. Umeme ukakatika mji mzima. Watoto wa chuo hawakuja. Mzee Maulidi, amefunga na amechoka, alilala msikitini kwenye mkeka. Aliposhtuka kulikuwa giza. Akainua uso kuitazama saa, na akaona alichokuwa anaona siku zote wakati wa magharibi: alama moja nyeusi chini kabisa, mishale miwili imekaribiana. Magharibi yetu ni kwenye saa kumi na mbili na nusu. Mshale mrefu uko chini, mfupi uko ubavuni mwake. Akajua amechelewa. Akakimbilia mlangoni, na kwa kuwa kipaza sauti hakikuwa na umeme, akaadhini kwa koo lake.

Mimi nilikuwa jikoni na mihogo yangu. Nilishangaa kuona futari haijaiva, hata nazi sijamaliza kukuna. Lakini nilisikia sauti ninayoijua. Nikaiamini adhana, nikaishuku sufuria. Nikasema mwenyewe, Zuhura, uzee huu, umechelewa kiasi hiki! Nikala tende, nikanywa maji gilasi nzima, nikasema alhamdulillahi. Baada ya kunywa ndipo nikasikia kijana anapiga kelele njiani kwenye mvua: "Jamani, bado! Saa kumi na moja na nusu! Tazameni simu!"

Tulikuwa wengi tuliokunywa. Wazee, akina mama, na wavuvi wawili waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwangu. Mfungo wa siku ile ulitupotea, na ilibidi tuje kuulipa baada ya Idi. Mimi nina kisukari, kufunga kwangu ni kwa kuhesabia, na siku ile niliililia kweli.

Sheikh Twalha, imamu wetu, alifika msikitini akiwa amelowa. Alimkuta Mzee Maulidi amesimama katikati ya msikiti, saa ameshaiteremsha ukutani, ameikumbatia kifuani.

"Kumetokea nini, Maulidi?"

"Saa, sheikh. Saa imeniangusha. Inakimbia."

Hivyo ndivyo alivyosema. Sheikh akaichukua saa, akaenda nayo kwake. Na sisi tukailaani saa, tukamlaani na Mchina aliyeitengeneza, tukachekeshana, ikawa hadithi ya mtaa. Vijana wa kijiweni walimwuliza kila akipita: "Mzee, leo tunafuturu kwa saa ya nchi gani?" Kwa wiki moja alijibu kwa kicheko. Kisha akasema koo linamuuma, akaacha kuadhini. Idi ikaja, akaswali nyumbani. Ijumaa ikaja, akasema miguu. Baada ya hapo hakutoka tena. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa ikituamsha sote alikuwa anakaa chumbani, dirisha limefungwa, na adhana inapigwa na kijana mwenye haraka kama anakimbizwa.

Wahida ndiye pekee aliyejua kuhusu macho. Alimpeleka hospitali kwa siri, wakapanda gari la alfajiri, mzee amejifunika kilemba mpaka puani. Daktari akasema mshipa umekufa, kilichopotea hakirudi, kilichobaki ni kukilinda kwa dawa ya matone. Hilo Wahida aliniambia baadaye. Siku ile waliporudi nilimwona mzee anaingia ndani, anapapasa fremu ya mlango wake mwenyewe, na nikageuza uso haraka ingawa hakuwa na uwezo wa kuniona namtazama.

Ilikuwa asubuhi moja, baada ya kuisha zile funga sita za baada ya Idi, ndipo Sheikh Twalha alipokuja shuleni. Nilikuwa nachochea kuni. Mkononi alikuwa na ile saa.

"Shikamoo, sheikh," Wahida alimtambua kwa kikohozi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea saa kwa ajili ya watoto wako. Nimesikia unawafundisha."

"Si iliharibika?"

"Nimeitundika sebuleni kwangu tangu siku ile. Haijakimbia na haijachelewa."

Wahida aliipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza tena, na sheikh hakuongeza. Lakini mimi mwiko uliniponyoka. Aibu ilinipata palepale jikoni, aibu ya kumjua mtu kwa alichokificha. Ningependa nisingesikia.

Jioni ile nakuna nazi uani kwangu, nikamsikia Wahida ng'ambo ya ukuta.

"Baba, kuadhini si macho. Ni koo na saa. Koo unalo. Saa nitakufundisha kwa vidole, kama ninavyoijua mimi."

"Utanifundishia wapi?"

"Darasani. Siku hizi ndilo somo lenyewe, watoto wanajifunza saa."

"Nikakae na vipofu?" akasema mzee. "Mimi?"

Niliacha kukuna.

"Mimi nakaa nao kila siku, baba," akasema Wahida, taratibu, kama anamweleza mtoto. Kisha nikasikia fimbo yake inaingia ndani.

Mzee alibaki uani peke yake. Nilimsikia akisema "Wahida" mara moja, kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo aliye ndani ya nyumba ile asingeisikia. Mtu huyuhuyu aliyekuwa akiita mtaa mzima. Nilichukua nazi yangu nikaingia ndani, nikashindwa kuendelea kuwa jirani kwa jioni ile.

Asubuhi, namfungia kanga mjukuu, namwona Mzee Maulidi anatoka. Kavaa nguo zake za kazi zenye madoa ya chokaa. Mkononi ndoo, ndani ya ndoo brashi. Wahida kashatangulia.

"Assalaam alaykum!"

"Waalaykumu salaam, mzee. Umepata kazi?"

"Nakwenda kuziba nyufa za lile darasa la Wahida. Linataka mtu anayejua."

"Kazi njema," nikasema.

Ndoo ile ilikwenda kavu, na mchana ikarudi kavu. Kesho yake vilevile. Na ukuta wa darasa lile ni wa tofali za saruji, umepakwa rangi ya mafuta, hata ukitaka kuupiga chokaa haishiki. Sikumwambia mtu. Nilimwuliza tu kila asubuhi kazi imefikia wapi, naye akanijibu kwamba nyufa ni nyingi.

Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye benchi la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Alichagua pale ili mtu akitokea ainuke haraka. Mzazi mmoja alipomleta mtoto wake, mzee aliruka kama kijana, akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutingisha kichwa, fundi aliyeona mengi. Mzazi alipoondoka alikaa tena. Watoto walijua mchezo wote na hawakusema kitu, jambo lililonishangaza, kwa maana watoto wale wana midomo.

Nitawaeleza alivyokuwa akifundisha Wahida, kwa sababu nimelitazama somo lile kupitia dirishani mpaka ningeweza kulifundisha mwenyewe. Ile saa ya msikiti aliitoa kioo. Juu kabisa, panapokuwa saa sita, aligandisha shanga mbili. Chini kabisa shanga moja, kulia moja, kushoto moja. Mtoto anaanza na shanga mbili, kisha anateremka na kidole upande wa kulia, anatafuta mshale mfupi kwanza. Akishaupata anajua saa. Kisha anarudi juu na kuutafuta mrefu, ndiyo dakika. Na juu ya yote ni wepesi wa mkono, maana saa isiyo na kioo haina mlinzi. Ukiusukuma mshale, tayari umebadilisha saa, na utasoma kwa usahihi kabisa wakati ambao haupo.

Watoto waliiweza. Kuna binti mmoja, Hafidha, mwenye domo kuliko wote, alikuwa akiisoma huku anasimulia mambo ya kwao. Lakini mzee! Siku ya kwanza alipoweka mkono juu ya saa, mishale ikaenda nao.

"Baba," Wahida akasema baada ya kuipapasa, "tulikuwa asubuhi. Umeshatupeleka adhuhuri."

Watoto wakacheka. Mzee aliondoa mkono, masikio yake yamewiva. "Sihisi kitu," akasema. "Hizo shanga zenu sizihisi." Nami nikakumbuka vile vidole vyeupe. Chokaa ilikwisha kula kila kitu pale.

Nilidhani hapo ndipo atachukua ndoo yake na kwenda. Wahida alivuta kigoda akakaa mbele ya baba yake, akachukua mkono wake wa kulia. Sijui kama tangu utoto wake aliwahi kuushika mkono ule kwa muda mrefu hivyo. Alikiweka kila kidole juu ya shanga, kimoja kimoja, akiuliza: "Hiki?" Hapana. "Hiki?" Hapana. Mkono wa kulia wote haukufaa. Akahamia wa kushoto, ambao ulikuwa ukishika ubao na si chokaa yenyewe. Alipofika kidole cha mwisho, kile kidogo, mzee akashtuka.

"Hapo," akasema. "Hapo kuna kitu."

"Basi tutatumia hicho," akasema Wahida, akasimama akaendelea na wengine.

Mzee alisoma saa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alichelewa, alikosea, alikasirika. Alijifunza na watoto kwenye benchi moja mpaka wakamzoea wakawa wanamkanyaga miguu bila kuomba radhi. Ndoo iliendelea kwenda na kurudi.

Kisha siku moja Wahida akawafundisha kusoma saa yenye nusu. Aliigeuza mishale mwenyewe, akaipa meza ya kwanza, saa ikapita mkono kwa mkono. Nilikuwa napoza uji, nikachungulia. Mishale yote miwili ilikuwa chini, karibu karibu.

"Saa kumi na mbili na nusu," akasema Hafidha mara moja.

Wahida hakusema ndiyo wala siyo. Mtoto wa pili naye akasema kumi na mbili na nusu. Wa tatu vilevile. Saa ikafika benchi la nyuma.

Mzee Maulidi aliipakata. Akatafuta shanga mbili, akateremka polepole kwa kile kidole, akapita shanga ya kulia, akaendelea kushuka. Kabla hajafika chini akasimama. Mshale mfupi ulikuwa huku, upande wa kulia, haujaivuka shanga ya chini. Akaukuta na mrefu, juu ya shanga yenyewe. Akarudia. Akarudia tena. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa saa, na niliuona unapapasa sehemu moja yenye pengo, pale ilipopigwa na nyundo siku aliyoitundika. Hakuwa akijua kwamba waliyokuwa wakijifunzia ni ileile saa ya msikiti. Sasa akajua.

Uso wake uliniogopesha. Nilidhani ataanguka.

"Saa kumi na moja na nusu," akasema.

"Ya asubuhi au ya jioni?" akauliza Wahida. Ndivyo anavyowauliza wote.

"Ya jioni."

"Sahihi."

Angeweza kuikabidhi saa kwa jirani yake na somo likaendelea. Hakuikabidhi. Aliishika vilevile mapajani, akainamisha kichwa.

"Siku ile nilisema saa ndiyo mbovu," akasema. "Niliiteremsha ukutani watu wasije wakaitazama. Saa haikuwa na kosa. Mimi nilikuwa sioni."

Kisha Hafidha, mtoto wa watu, akapaza sauti kwa mshangao wa kweli: "Kumbe babu ndiye uliyemfuturisha mama yangu mchana!"

Wote walicheka, na mimi jikoni nikauma kanga nisicheke. Mzee hakucheka. Aliinuka, saa mkononi, akasema: "Ndiye mimi. Mwambie mama yako nimeomba radhi." Kisha akageuka upande ilikokuwa sauti ya binti yake, akasimama kama anayetaka kusema jambo jingine, kubwa zaidi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Nadhani alidhani hayaonekani, kwa kuwa darasani hapakuwa na wa kuyaona. Alisahau dirisha.

"Kaa, baba," akasema Wahida. "Bado hatujamaliza."

Akakaa.

Baadaye nilimwuliza Wahida kama alimtegea. Akasema alikuwa anafundisha saa yenye nusu. Nikamwangalia sana, lakini uso wa Wahida hausomeki kirahisi.

Siku hiyo ndoo ilibaki shuleni. Niliikuta mlangoni na brashi yake ndani, nikatoka nayo nje nimwite, nikawaona wako barabarani. Hakutangulia. Wahida alikuwa mbele kidogo na fimbo yake, na mkono wa mzee ulikuwa juu ya bega la binti yake, katikati ya mji, mchana kweupe, wanapita mbele ya kijiwe cha wale vijana. Niliirudisha ndoo ndani. Mpaka leo ninaoshea vikombe vya uji.

Ijumaa iliyofuata alikwenda msikitini na akayasema yaleyale mbele ya watu. Waliokuwepo wanasema sauti ilimkatika mara mbili. Sheikh Twalha alisimama akawakumbusha kwamba Mtume mwenyewe alikuwa na mwadhini asiyeona, aliyekuwa akingoja aambiwe kumekucha ndipo aadhini. Kisa hicho Mzee Maulidi alikuwa akiwasimulia watoto wa chuo miaka yote, anakijua kwa moyo, na hakuwahi hata siku moja kukihisabu kuwa kinamhusu.

Wahida akamnunulia Dar es Salaam saa ya mkononi yenye kifuniko kinachofunguka, unaigusa mishale ndani. Alirudi kuadhini adhuhuri na alasiri, swala ambazo hakuna anayezisubiri kwa njaa. Kwa Ramadhani, sheikh alimwambia, tutaona.

Na Ramadhani ikaja, na sheikh akamwita, akamkabidhi magharibi.

Siku ya kwanza ya mfungo niliwaalika wanawake wa jirani tufuturu pamoja uani kwangu, na Wahida alikuwepo, kakaa karibu nami mkekani. Jua lilikuwa limezama upande wa mashamba, mwanga bado upo. Tende ziko kwenye sahani, uji wa pilipili manga umemiminwa. Tulikuwa kimya kama watu wanavyokuwa dakika ile.

Ikaja adhana. Ilikuwa sauti yake, imezeeka kidogo, nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Na ilikuwa ya kwanza. Misikiti mingine yote ilikuwa bado haijaanza.

Sikupanga kufanya nilichofanya. Mkono wenyewe ulikwenda chini ya kanga ukatoa simu. Nikainua macho, nikawaona wenzangu wote, mmoja mmoja, nyuso zimewaka mwanga wa simu, tende ziko palepale kwenye sahani. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wahida alikuwa ameshafungua saa yake ya mkononi, ya kifuniko kama ya baba yake, ameshaifunga, na ameshakula tende yake. Alitoa kokwa mdomoni akaiweka pembeni ya sahani. Kisha akainamisha kichwa, anasikiliza.

"Bi Zuhura," akasema, "mbona sisikii mtu anayekunywa?"

Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri. "Tunaomba dua kwanza, mwanangu."

Alijifuta vidole kwa kanga.

"Baba naye," akasema, "alipobanwa alisema saa ni mbovu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Niliiweka simu chini mkekani, kioo kimeelekea chini, nikachukua tende, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Misikiti mingine ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.